Gego Lililolegea: saratani ya taya kutoka Mulago hadi Zuzu

Hapa Zuzu, magharibi mwa jiji la Dodoma kwenye njia ya Bahi, jino la mtoto likianza kucheza hakuna anayeshtuka. Bibi hulifunga uzi, hulivuta mara moja, na mtoto hulirusha juu ya paa akiomba jipya. Zamani paa lilikuwa la tembe, udongo mtupu, na jino lilizama kimya. Siku hizi ni bati: utalisikia likidunda, likiviringika, mpaka litulie kwenye mkunjo.

Liko jino jingine linalolegea bila kualikwa. Hili ni gego, kule nyuma, kwa mtoto wa miaka 4 au 5 ambaye magego yake hayajafikia umri wa kung'oka. Halina tundu wala usaha. Fizi inatuna, jino la jirani nalo linaanza kucheza, na wiki chache baadaye shavu limejaa na jicho linasukumwa juu. Dalili hizo zinaweza kuwa mwanzo wa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo historia yake iliandikwa Afrika Mashariki, kwenye nyuso za watoto wa Afrika Mashariki. Wazee wa hapa wanaweza kukusimulia jinsi reli ya Wajerumani ilivyofika Dodoma mwaka 1910. Historia ya taya sijamsikia mtu akiisimulia, na ndiyo sababu ya makala haya.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko jina lake. Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo jijini Kampala mwaka 1897, aliwaona watoto wenye uvimbe huo na akawachora katika kumbukumbu zake. Lakini kila daktari alimwona mtoto wake peke yake. Mmoja aliuita uvimbe wa taya, mwingine akaukuta kwenye jicho, wa tatu kwenye figo, na kila mmoja akauandika kwa jina lake.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini humohumo, Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka 5. Burkitt alikuwa Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1911 na kupoteza jicho moja utotoni. Mtoto yule alikuwa amevimba taya pande zote 4, juu na chini, kulia na kushoto. Maambukizi ya jino hayafanyi hivyo, na saratani ya mfupa haifanyi hivyo. Burkitt akapiga picha, akakiri kwamba haelewi. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto ameketi na mama yake kwenye majani, uso umevimba vilevile. Alipompima tumbo akakuta na huko kuna uvimbe.

Angeweza kusema ni bahati mbaya ya watoto wawili. Badala yake alirudi Mulago akafukua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya kile alichokiona: vimbe zilizokuwa zikiandikwa kwa majina mbalimbali zilikuwa ugonjwa mmoja. Wataalamu wa maabara pale Kampala, akiwemo Gregory O'Conor, ndio waliothibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye mitoki. Imeanzia kwenye kinga ya mwili, ila imechagua kujionyesha kwenye taya.

Hapo likaja swali lililompeleka Burkitt barabarani: mbona inapatikana huku na kule haipo? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wamewahi kumwona mtoto wa namna hii. Majibu aliyachomeka kwa pini kwenye ramani ya Afrika ukutani kwake. Kisha, Oktoba 1961, aliondoka Kampala kwa gari la Ford la mwaka 1954 pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alijua kutengeneza gari, sifa ambayo kwa barabara za wakati ule ilikuwa na thamani sawa na udaktari. Walisafiri wiki 10, maili 10,000, wakaingia hospitali 57 hadi kusini mwa Afrika. Tanganyika ilikuwa katika wiki zake za mwisho kabla ya Uhuru.

Nikiisoma safari ile, kinachonigusa ni unyenyekevu wa maswali yake. Hawakubeba mashine. Walikuja na picha, wakamuuliza muuguzi na daktari wa mahali: umemwona? Mara ngapi? Ametoka kijiji gani? Jibu la "hapana" liliandikwa kwa uangalifu uleule wa jibu la "ndiyo".

Ramani ilipotulia, mpaka ulionekana. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra kwenye sehemu za juu ya futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri walivyoshuka kusini ndivyo kikomo hicho kilivyoshuka. Alexander Haddow, aliyekuwa akichunguza virusi kule Entebbe, akagundua kwamba kinachohesabika ni baridi, wala si kimo chenyewe. Mvua nayo ilihusika: penye chini ya inchi 20 kwa mwaka ugonjwa haukuonekana sana. Sisi wa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, yaani chini ya kikomo cha kimo. Mvua yetu, ile inayomfanya Mgogo alime uwele na mtama na kuangalia mawingu kwa mashaka, ni milimita 570 hivi kwa mwaka, wakati inchi 20 ni kama milimita 508. Kwenye ramani ile tunaangukia ndani, karibu kabisa na ukingo mkavu.

Joto na mvua. Nani anapenda vyote viwili? Mbu. Wengi waliamini mbu anasambaza kirusi cha saratani. Machi 1961 Burkitt alizungumza katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein alitoka pale ameamua kuacha utafiti aliokuwa nao na kukitafuta kirusi ndani ya uvimbe huu. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka 2 hakupata kitu. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikaenda Manchester, na kipande kikafika kwa kuchelewa, maji yake yamechafuka kama yaliyoingia vijidudu. Kabla ya kuyamwaga, Epstein aliangalia tone moja kwa darubini. Uchafu ule ulikuwa seli za uvimbe zenyewe, hai, zikielea. Ndizo zilizokubali kuoteshwa, na ndani yake, Februari 1964, alikiona kirusi. Alikitangaza mwezi Machi pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr. Dunia inakiita kirusi cha Epstein-Barr. Jina la mtoto wa Uganda aliyetoa seli zile haliko kwenye jina hilo, na kila ninapolitaja huwa namkumbuka.

Mbu alikuwa na hatia, ila ya kosa jingine. Kirusi kile huenezwa kwa mate, na karibu watoto wote wa kwetu wanakipata wakiwa wadogo bila kuumwa chochote. Alichokuwa akileta mbu ni malaria. Mtoto anayeugua malaria mwaka hadi mwaka, chembe zake za kinga huchochewa kuzaliana bila kupumzika, na walinzi wa kukidhibiti kirusi hudhoofika. Gilbert Dalldorf na wenzake, wakifanya kazi Kenya, waliandika juu ya uhusiano huo mwaka 1964. Zanzibar nayo ilitoa ushahidi: ina joto, ina mvua, lakini malaria ilikuwa imepigwa vita kule, na uvimbe wa taya ulikuwa nadra.

Tanzania ikabeba jaribio kubwa zaidi. Mkoani Mara, watafiti wakiwemo Geser na Daktari Brubaker wa Hospitali ya Shirati waligawa klorokwini kwa watoto wa Mara Kaskazini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982. Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikarudi. Saratani ya taya nayo ilishuka katika miaka ile, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge, na watafiti walipochapisha matokeo mwaka 1989 hawakudai ushindi.

Kwa upande wa tiba, kumkata mtoto taya kulimharibu uso bila kumponya, na Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Madaktari wa Marekani, akiwemo Joseph Burchenal, walileta dawa za saratani zilizokuwa bado changa, na Burkitt akazijaribu. Jijini Nairobi Peter Clifford alifanya vivyo hivyo. Uso uliovimba ulinywea ndani ya siku chache. Sababu ni ukali wa ugonjwa wenyewe: seli zake huongezeka maradufu kwa siku 1 au 2, na dawa hizo huua seli zinapogawanyika. Wako watoto waliopata dozi moja tu, wakarudi vijijini, na miaka baadaye wakakutwa wazima. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler. Utawala wa Idi Amin ulipowatawanya wageni, Mganda Charles Olweny alikishika, akawa na wagonjwa na ukosefu wa kila kitu kingine. Kituo hicho ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kirusi kilekile cha Epstein-Barr kilikutwa baadaye kwa watu wazima wenye saratani ya nyuma ya pua, ambayo Clifford aliifuatilia sana nyanda za juu za Kenya. Saratani za mdomo na koo zinazowapata wazee wa huku kwetu zina njia nyingine, tumbaku na pombe zikiwa mbele, na nyingi zinahitaji upasuaji na mionzi. Kwa miaka mingi safari hiyo ya mionzi ilimaanisha Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996.

Mtoto wa Zuzu mwenye taya linalovimba ana njia fupi zaidi kuliko ya mwaka 1957: zahanati, hospitali ya rufaa ya mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule kilima cha Chuo Kikuu, na ikibidi Muhimbili, Dar es Salaam, safari ambayo treni ya umeme imeipunguzia saa nyingi tangu 2024. Kinachompotezea muda ni gego lenyewe. Ling'olewapo kama jino bovu, kidonda hakifungi na uvimbe unachipuka pale pale. Nyumbani wataanza kujiuliza ni jicho baya la nani. Kwa uvimbe unaokua maradufu kila baada ya siku 2, wiki 3 za kujiuliza ni nyingi mno.

Juzi nilikuwa nyumbani kwa jirani, mama wa watoto 4, nikimsimulia haya huku akipepeta uwele. Aliuweka ungo chini bila kunijibu. Akamwita wa mwisho, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango, akamwinua mdomo kwa kidole gumba, na kuanza kubonyeza magego, moja baada ya jingine, ya juu kwanza.