Daftari, Stara na Kamera

Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kwenye mtihani wa ujirani mwema. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka hai. Watu wa kujitolea wa STEMM, shirika la Kimarekani la elimu na tiba, walikuwa wakipita njia hiyo, wakashuka kuokoa. Siku nane baadaye watoto hao walipaa kutoka uwanja wa ndege wa KIA kwa ndege ya Samaritan's Purse kwenda kutibiwa Sioux City, Iowa. Walirejea Agosti 18.

Kwa miezi ile mitatu nchi nzima iliwajua kwa majina, ikajua na nani amevunjika wapi. Tuliwaombea kwa sababu tuliwaona, na msaada ule uliokoa maisha. Siuhoji. Ninachouliza ni hiki: msaada wa tiba ukikutana na vyombo vya habari, nini kionyeshwe na nini kifunikwe? Hapa Arusha tuna mila tatu za kutoa, na kila moja ina jibu lake.

Ya kwanza ni rambirambi. Nenda msibani Poli au Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru. Chini ya turubai, kando ya migomba, utakuta meza ya plastiki na kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: namba, jina, kiasi. Mwenye elfu mbili anaandikwa sawa na mwenye laki mbili. Kisha jumla inasomwa mbele ya watu. Kinachowekwa wazi ni mkono wa mtoaji. Mfiwa yuko ndani na akina mama, na hakuna anayemtaka atoke alie hadharani ndipo achangiwe.

Mila hii nayo ina ugonjwa wake. Kutajwa huzaa majivuno, na fedha zikivuka uzio wa boma huzaa mvutano. Mei ileile, rambirambi za Lucky Vincent ziligeuka mjadala wa kitaifa. Tarehe 18 polisi walimkamata Meya wa Arusha, Kalisti Lazaro, pamoja na wamiliki wa shule binafsi na waandishi wa habari waliokuwa shuleni hapo katika shughuli ya kukabidhi rambirambi.

Ya pili ni sadaka ya siri. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inakataza kupigia tarumbeta sadaka. Kurani, katika Al-Baqara aya ya 271, inaisifu sadaka ya wazi, kisha inaipandisha juu zaidi ile ya siri inayomfikia fukara. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili: stara. Aliyekusaidia amekusitiri, maana yake amekuondolea shida bila kukuondolea heshima. Lakini siri inafaa pale wawili wanapojuana. Likiingia shirika katikati, lenye wafadhili maelfu na wagonjwa maelfu, siri inaweza kumsitiri mwizi badala ya mgonjwa.

Ya tatu ni ya kamera. Picha za njaa ya Biafra mwaka 1968, kisha taarifa za Michael Buerk wa BBC kutoka Ethiopia mwaka 1984 na tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985, ziliyafundisha mashirika kwamba uso wa mtoto anayeteseka huchangisha kuliko hoja yoyote. Mwaka 1989 mashirika ya Ulaya yenyewe yalijiwekea kanuni za picha na ujumbe, baada ya kuona wanaosaidiwa wakigeuzwa viumbe wa kuhurumiwa tu.

Hapo ndipo mila hizi zinapopishana. Rambirambi humtaja mtoaji na kumfunika mfiwa. Kamera humfunua mgonjwa, huku hesabu za fedha zikikaa kwenye ripoti isiyofika Ngaramtoni, hapa hapa Arusha. Na ridhaa? Mama anayeombwa ruhusa ya picha kando ya kitanda cha mwanawe, bili ikiwa bado haijalipwa, atakataaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Bibi zetu walilijua hilo bila sheria.

Kwa hiyo nasimama hapa: shirika la afya lichukue daftari kutoka kwenye rambirambi na stara kutoka kwenye sadaka, kisha kamera iwe mtumishi wa hizo mbili. Ipige picha wodi, dawa zilizonunuliwa, daktari kazini. Mapato na matumizi yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa hospitali, pale ndugu wa mgonjwa wanapopanga foleni. Uso wa mtoto ungoje apone, akue, aamue mwenyewe.

Watatu wale wa Lucky Vincent sasa ni watu wazima. Picha zao za machela zilisambaa kabla hawajafikia umri wa kusema ndiyo au hapana, na bado zinapatikana kwa kugusa simu. Kwa sababu hiyo, katika makala haya waliotoa nimewataja kwa majina. Waliopokea nimewasitiri.