Pumzi na Macho: Oksijeni kwa Watoto Njiti, 1942–2013

Mwaka 1942 daktari wa macho mjini Boston, Theodore Terry, alieleza ugonjwa uliokuwa haujajulikana: watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho, nao hawakuona. Katika miaka iliyofuata, watoto wapatao 10,000 walipofuka hivyo, wengi wao katika hospitali zilizosifika. Pasipo vifaa, mtoto wa namna hiyo alikufa. Penye vifaa aliishi, lakini gizani.

Mwaka 1951, daktari Arnall Patz alianza kulinganisha makundi mawili katika hospitali moja ya Washington: kundi moja lilipewa oksijeni nyingi, jingine kidogo. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wauguzi waliwafungulia kwa siri, usiku, watoto wa kundi la pili oksijeni zaidi, kwa kuwa waliona ni ukatili kumnyima mtoto pumzi. Mimi siwezi kuwalaumu. Walitenda kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa ikipofusha.

Jaribio la hospitali 18 za Marekani, lililoanza mwaka 1953, lilithibitisha kwamba oksijeni ya kupita kiasi ndiyo iliyodhuru. Basi ikapunguzwa kila mahali, na upofu ukapungua sana. Lakini watoto wa jaribio lile waliingizwa wakiwa wametimiza saa 48. Waliokufa kabla hawakuhesabiwa. Hospitali nazo zilibana oksijeni tangu saa ya kuzaliwa. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeepushwa na upofu, wengine 16 hivi walikufa. Kipofu alionekana na wote; aliyekufa siku ya kwanza alizikwa kimya.

Mchungaji aitwaye usiku kwa ubatizo wa dharura huulizwa na wazazi kama yafaa kuendelea. Asidhani sayansi imekwisha kuwajibia. Mwaka 2010 jaribio jingine la Marekani, kwa watoto wa wiki 24 hadi 27 za mimba, lilionyesha tena uzito wa uamuzi huo. Waliopewa oksijeni kidogo walipata ugonjwa mkali wa macho kwa kiasi cha nusu ya wenzao, lakini karibu 20 katika kila 100 walikufa, dhidi ya 16 wa kundi la pili. Mwaka 2013 ofisi ya serikali inayolinda watu wanaofanyiwa utafiti iliandika kwamba fomu walizotia sahihi wazazi hazikuwaeleza ipasavyo hatari ya upofu wala ya kifo.