Bustani ya gunia

Bustani ya gunia ni njia ya kukuza mboga ndani ya gunia lililojazwa udongo na kusimamishwa wima, hasa mijini ambako nafasi ya kulima ni finyu. Hutumika sana katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, Kenya. Huko Kibera ilienezwa kuanzia mwaka 2008 na shirika la Kifaransa la Solidarités International.

Udongo huchanganywa na samadi iliyooza. Katikati ya gunia huwekwa mkebe usio na kitako, hujazwa kokoto, kisha huvutwa juu kadiri udongo unavyoongezwa, hadi nguzo ya kokoto ifike mdomoni mwa gunia. Maji yakimwagwa kwenye nguzo hiyo hufikia tabaka zote. Miche ya sukuma wiki au spinachi hupandwa katika matundu ya ubavuni. Vitunguu au nyanya hupandwa juu.

Majani huchumwa kuanzia ya chini, na mmea huendelea kuchipua. Gunia huchakaa kwa jua, hivyo hubadilishwa. Udongo wa jalalani haufai, kwa kuwa huweza kuwa na madini ya risasi.