Upasuaji wa Kifua kwa Matundu Madogo

Upasuaji wa kifua kwa matundu madogo ulianzia Sweden. Mwaka 1910 daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alieleza jinsi ya kuchungulia ndani ya kifua kwa chombo chenye taa kilichobuniwa kuchunguzia kibofu cha mkojo. Baadaye alikitumia kutambua uvimbe kwenye utando wa mapafu. Hata hivyo, njia hiyo ilienea zaidi katika tiba ya kifua kikuu: ilikata nyuzi zilizolishikiza pafu kwenye ukuta wa kifua, ili lisinyae na kupumzika. Dawa za ugonjwa huo zilipopatikana kuanzia miaka ya 1940, ikafifia.

Lakini wazo la kupitia tundu dogo halikufa: mwaka 1959 Eric Carlens, pia wa Stockholm, alieleza namna ya kupitisha bomba kwenye tundu dogo juu ya mfupa wa kidari na kuchukua vipande vya tezi zilizo kati ya mapafu kwa uchunguzi.

Kamera ndogo za video ziliihuisha mbinu ya Jacobaeus. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari walianza kuondoa sehemu ya pafu yenye saratani bila kutanua mbavu. Mwaka 2010 Diego González-Rivas wa Hispania alifanya hivyo kupitia tundu moja. Leo wagonjwa wengi wenye saratani changa ya mapafu hupasuliwa hivyo, wakapata maumivu machache na kupona mapema.