Nyasi za Plastiki Uani kwa Mngoni

Vijijini Songea hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kuwa na nyasi mlangoni. Zikikaribia ukuta, watu husema nyumba ile haina mwenyewe, au anaye ila ni mvivu. Nyoka hupita humo. Ndiyo maana palizi huanzia shambani ikaishia kizingitini, na asubuhi, kabla uji haujachemka, kuna mtu ameinama na fagio la vijiti, mkono mmoja mgongoni, anarudi nyuma hatua kwa hatua ili asikanyage alipokwisha kufagia. Sasa mwenye uwezo mjini anaweza kuagiza nyasi bandia kutoka Dar es Salaam, zisafiri zaidi ya kilomita 900 kupitia Makambako na Njombe, azitandaze nyuma ya nyumba, achore mistari, afunge wavu, awaambie wanawe: chezeni.

Simcheki. Nataka tu kujua anachokitandaza kimezaliwa wapi.

Huko Uingereza nyasi fupi zilikuwa tambo la kabaila: ardhi ninayo, na si lazima niilime. Zilikatwa kwa mundu mrefu au zikaachiwa kondoo, mpaka mwaka 1830 Edwin Budding wa Gloucestershire alipotazama mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya kitambaa cha sufu, akabuni ya kunyolea nyasi. Mwaka 1874 Walter Wingfield akapata hataza ya tenisi yake, akaiuza ndani ya sanduku: wavu, mipira, raketi. Uwanja haukuwamo sandukuni, kwa sababu mnunuzi alikwisha kuwa nao. Mchezo ulifuata bustani.

Wamarekani wakaendeleza. Ukumbi wa Astrodome mjini Houston ulifunguliwa mwaka 1965 ukiwa na nyasi hai chini ya paa la plastiki angavu. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mng'ao wa paa unawapotezea mpira hewani, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa. Mwaka uliofuata wakaweka nyasi za plastiki za kampuni ya Monsanto. Kwa hiyo zulia tunalolionea fahari lilipata umaarufu wake kwa kuziba pengo la nyasi zilizouawa na paa. Na wakoloni wenyewe, walipochoka kubembeleza nyasi katika ukame wa Afrika, mahali pengi walimwaga mchanga uliochanganywa na mafuta kuzunguka shimo la gofu, wakacheza bila aibu.

Upande wetu uwanja nao ulitangulia, ila ulikuwa mtupu, na kila kitu kikauomba nafasi. Lizombe, ngoma ya Wangoni, huchezwa juu ya udongo, nayo ndiyo iliyoipa timu ya soka ya Majimaji jina la Wanalizombe. Mahindi yakitoka shambani huanikwa hapo. Ukifika msiba, hapo ndipo turubai linapofungwa, mafiga yanapopangwa na akina mama wanapokesha na masufuria. Watoto hupewa saa zinazobaki, nazo ni nyingi: kombolela, rede, chandimu.

Sisi si peke yetu. Wakorea wa zamani waliacha ua wao, madang, bila nyasi wala miti katikati, wapurie nafaka na kufanyia harusi. Kusini mwa Marekani, familia za Weusi zilifagia udongo wa nyua zao kwa vijiti vilivyofungwa pamoja, na wataalamu wengi wanaihusisha desturi hiyo na Afrika Magharibi. Pwani ya Waswahili ua ulikuwa na kuta, ukawa wa wanawake na wa nyumba. Wanaume walikaa barazani na bao lao. Hapo namwelewa zaidi yule mwenye kiwanja cha plastiki nyuma ya geti. Kwa ukuta wake yuko karibu na Lamu kuliko Peramiho ya kwetu Songea.

Lakini ukuta wa Lamu haukuzuia ua kufanya kazi kumi. Zulia linazuia. Sikiliza kazi yenyewe: udongo wa juu unachimbwa na kuondolewa. Inafuata kokoto, ikishindiliwa tabaka kwa tabaka na kupewa mwinamo mdogo, maana mvua za Desemba hadi Aprili hazisamehe. Mabunda yanafunguliwa, vinyweleo vyote vikilalia upande mmoja. Fundi akigeuza bunda moja, jua la jioni litamuumbua. Maungio yanagundishwa kwa utepe chini, kisha mchanga wa silika unafagiliwa ndani ili nyasi zisimame. Baada ya hapo usiweke figa: kaa moja likidondoka linayeyusha tundu. Usianike mahindi, utakula silika. Na saa saba mchana, jua likiwaka, plastiki huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, mtoto wa peku asikanyage.

Viwanja vya nyasi bandia vya Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana pale Mwanza vina sababu: uwanja wa umma unachezewa na timu nyingi, nyasi hai zingechakaa. Nyumbani kwa watoto wanne sababu hiyo haipo. Kuna pia chembe za mpira wanazomwaga wengine badala ya mchanga. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2023, ukazipa miaka 8 ziondoke sokoni, na sioni kwa nini zipate kimbilio chini ya milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma.

Ningekuwa mimi, ningeshindilia moramu, nichore mistari kwa chokaa na kusimika nguzo mbili zinazong'oka siku ya msiba. Asiyetaka kunisikia atandaze kipande cha badminton, mita 13.4 kwa 6.1, aiache huru sehemu ya jikoni. Na asishangae mchanga wake ukipungua. Katika rede ya chupa, aliye katikati hukwepa mpira huku akijaza chupa mchanga, na wasichana wa mtaani wakikuta udongo umefunikwa watachota silika ya fundi, kiganja kwa kiganja, mpaka chupa ijae.