Tromboni: Ala Moja, Majina Matatu

Lugha yetu ina njia yake ya kukikuza kitu: nyumba ikizidi ukubwa huitwa jumba, na ndege akizidi huitwa dege. Waitaliano nao hukuza kwa kutia kiishio -one. Kwao tarumbeta ni tromba, na tarumbeta kubwa ni trombone. Ndivyo ala hii ya shaba ilivyopata jina lake katika karne ya 15.

Hata hivyo, ukubwa si sifa yake ya pekee. Ajabu yake ni mrija wa kuvutwa. Mpigaji huusogeza mbele kwa nafasi saba, na kila nafasi huishusha sauti kwa nusu-toni. Wafaransa wa kale waliitazama harakati hiyo wakaiita ala saqueboute, yaani vuta-sukuma. Waingereza wakalipokea jina hilo wakatamka sackbut. Ala ilipofifia kwao, kisha ikarudi katika karne ya 18, ilirudi na jina la Kiitaliano.

Wajerumani walishika njia nyingine. Posaune yao asili yake ni bucina ya Kilatini, baragumu la majeshi ya Roma. Jina hilo halitaji ukubwa wala mrija, bali limebeba kumbukumbu ya wito. Martin Luther alipolitafsiri Agano Jipya mwaka 1522, aliliteua neno hilo kwa mlio wa siku ya ufufuo. Tangu hapo, Mjerumani aliposikia tromboni alisikia na makaburi yakifunguka. Mozart, katika Requiem yake ya 1791, aliikabidhi tromboni wito wa Kiyama, ingawa matini ya Kilatini yasema tuba. Naye Brahms, katika Requiem yake ya Kijerumani iliyopigwa Bremen mwaka 1868, aliziingiza tromboni palipotajwa Posaune ya mwisho.

Kumbe neno moja la mfasiri laweza kuamua ala ipi ilie miaka mia tatu baadaye. Wafasiri wetu nao walikabiliwa na uteuzi huohuo: baragumu, parapanda au tarumbeta? Anayeandika baragumu hututia masikioni pembe ya mnyama na mkutano wa mji. Anayeandika tarumbeta hutuletea bendi na gwaride. Maana ni moja, lakini mlio si mmoja. Mtunzi wa mashairi, ambaye kazi yake ni mlio, hana budi kulipima neno kwa sikio kabla ya kulitia katika mizani.