Vali Bandia Visiwani: Upasuaji wa Moyo Utazamwe Kutoka Mkomani

Mijadala ya upasuaji wa moyo Afrika Mashariki huhesabu zaidi vyumba vya upasuaji na mabingwa. Kenya ina Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Mater jijini Nairobi, na Tenwek kule Bomet. Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haimfikishi mbali mgonjwa anayerejea Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu. Hoja yangu ni kwamba vali bandia ya kumwekea ichaguliwe kwa kutazama moyo wake pamoja na mahali atakapopimwa damu.

Katika ukanda wetu vali nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni. Kwa hiyo mgonjwa huwa kijana, mara nyingi mwanamke wa umri wa kuzaa, na hapo ndipo penye ugumu. Vali ya tishu za mnyama huchakaa upesi katika mwili wa kijana, na kifua hulazimika kufunguliwa tena. (Familia ya Kiislamu inayotatizwa na tishu za nguruwe ina haki ya kuuliza mapema; zipo za ng'ombe.) Vali ya kimekanika hudumu, lakini humfunga mgonjwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote.

Warfarini haina dozi moja ya kudumu. Kwa vali ya kimekanika ya mitrali (iliyo kati ya vyumba vya kushoto vya moyo), kipimo cha kuganda kwa damu, INR, hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu huganda kwenye vali na kiharusi hunyemelea. Kikipanda, mtu huvuja damu. Kuzidisha mchicha ghafla hukishusha, metronidazoli ya kutibu tumbo hukipandisha, na ibuprofeni ya duka la dawa huongeza hatari ya kuvuja. Mimba nayo ina hatari yake, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dawa mpya hazijatuokoa: jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za kimekanika lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake ya 2013 yalionyesha kuganda na kuvuja damu kukizidi.

Kutoka Mkomani, kwenda kupimwa Mombasa ni kupanda boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu kupitia Garsen na Malindi. Nani ataifanya safari hiyo kila mwezi? Ilhali kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole na mashine ya kushika mkononi.

Wapo watakaosema kumnyima mkazi wa kisiwani vali ya kudumu ni ubaguzi. Wana haki, na ndiyo maana kinachopaswa kusogezwa ni kipimo. Kwa sasa, vali inayoweza kukarabatiwa ikarabatiwe, ingawa ukarabati wa vali iliyoliwa na baridi yabisi ni kazi ngumu na haudumu kila mara. Mitrali iliyobana, kama umbo lake linaruhusu, ipanuliwe kwa puto, njia aliyoichapisha Inoue wa Japani mwaka 1984.

Serikali ya Kaunti ya Lamu iweke mashine za INR, vijiti vyake na muuguzi aliyefunzwa kurekebisha dozi. Na daktari wa upasuaji asimruhusu mgonjwa kutoka wodini kabla ya kuandika kwenye karatasi yake jina la kituo kitakachompima.